Chumba Baridi, Shuka Mbichi: Uchambuzi wa Kiyoyozi Kilichokizidi Chumba

Lalamiko la familia hii lilionekana kujipinga lenyewe. Chumba cha kulala kilikuwa baridi kiasi cha kuhitaji blanketi, na bado shuka zilikuwa mbichi asubuhi, viatu vya chini ya kitanda viliota ukungu, na ukuta wa nyuma ya kabati ulianza kuwa na madoa meusi. Kiyoyozi chenyewe kilikuwa hakijamaliza mwaka. Kila fundi aliyeitwa alitoa jibu lile lile: gesi imepungua. Akaongeza, akaondoka, mambo yakatulia kidogo, kisha yakarudi pale pale. "Fundi, baridi ipo," mama mwenye nyumba alimwambia wa mwisho wao. "Ninachotaka mimi ni nguo zikauke."

Kauli hiyo ilikuwa na utambuzi kamili wa tatizo, lakini haikusikilizwa. Nakichambua kisa hiki kwa urefu kwa sababu katika maeneo ya joto na unyevu vyumba vya namna hii ni vingi mno, na wenyewe huishia kulipia gesi, kisha umeme, kisha rangi ya ukuta, bila mtu yeyote kuligusa kosa lenyewe.

Chumba na mashine yake

Chumba kina mita 4 kwa 3.5, yaani mita za mraba 14, na dari iko mita 2.8 juu. Ukuta mmoja unaelekea magharibi, una dirisha la mita za mraba 1.5 hivi. Juu ya mlango kuna matundu ya hewa yaliyoachwa wazi tangu nyumba ijengwe, na chini ya mlango kuna pengo la kuingiza vidole viwili. Wanalala watu wawili. Nje, mchana joto hufika digrii 30 na unyevu asilimia 75. Usiku joto hushuka hadi 27, lakini unyevu hupanda hadi 85.

Kiyoyozi ni cha BTU 18,000 (BTU, kwa saa, ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza), kompresa yake, yaani pampu inayozungusha gesi, ni ya mwendo mmoja, na gesi ni R-410A. Mashine ya nje imefungwa kwenye kibaraza chembamba, feni yake ikitazama ukuta wa pili ulio karibu nayo sana. Muuzaji alishauri ukubwa huo kwa hoja kwamba mashine kubwa hupoza haraka na haichoki. Ni hoja inayoingia akilini kirahisi, na kwa chumba cha kulala penye unyevu mwingi ndiyo hoja mbaya kuliko zote.

Chumba kilihitaji kiasi gani?

Tuhesabu saa ya joto kali, alasiri, tukitaka ndani kuwe digrii 24 na unyevu asilimia 55. Kuta na dari zinaingiza takribani wati 900. Jua la dirishani, baada ya kupunguzwa na pazia, wati 500. Watu wawili waliotulia, wati 200. Taa na vifaa vidogo, wati 100. Inabaki hewa inayopenya mlangoni na kwenye matundu, na hapa ndipo watu wengi huacha kuhesabu.

Tuseme hewa yote ya chumba inabadilika mara moja kwa saa. Hiyo ni kilo 45 hivi za hewa. Kilo moja ya hewa ya nje, kwa hali niliyoitaja, imebeba gramu 20 za mvuke. Kilo moja ya hewa tunayoitaka ndani hubeba gramu 10. Kwa hiyo kila saa karibu nusu lita ya maji inaingia chumbani bila kuonekana. Kuipoza hewa hiyo kutoka 30 hadi 24 kunahitaji wati 75 tu. Kuugeuza mvuke wake wa ziada kuwa maji kunahitaji wati 300. Maji ni mzigo mara nne ya joto.

Jumla inafika wati 2,100 hivi, sawa na BTU 7,100. Kanuni ya haraka ambayo mafundi wengi hutumia, BTU 500 hadi 700 kwa kila mita ya mraba, nayo ingetoa kati ya 7,000 na 9,800. Kwa njia yoyote ile, mashine ya BTU 9,000 ilitosha. Iliyofungwa ina nguvu maradufu ya hiyo.

Sasa angalia usiku, maana hiki ni chumba cha kulala. Jua limezama, kuta zimeanza kutulia, na mzigo mzima unashuka hadi kama wati 1,100. Lakini ule mvuke haujapungua: hewa ya usiku ya digrii 27 na unyevu wa 85 imebeba karibu maji yale yale ya mchana, na pumzi na jasho la watu wawili vinaongeza. Kwa hiyo usiku theluthi nzima ya kazi ni kukamua maji hewani. Na kazi hiyo amepewa kiyoyozi chenye uwezo wa wati 5,300, ambacho kinamaliza kupoza kabla hakijaanza kukamua.

Kilichotokea ndani ya dakika nne

Nasisitiza sehemu hii kwa sababu kisa chote kimejificha hapa. Kompresa ya mwendo mmoja haina nguvu ya nusu. Ama inafanya kazi yote, ama imezimika. Katika chumba hiki, usiku, rimoti ikiwa kwenye 19, iliwaka kwa dakika nne na kupumzika kumi na mbili, kisha tena, mpaka alfajiri.

Dakika ya kwanza koili ya ndani, yaani mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa, bado inashuka joto. Mvuke hauwezi kugeuka maji hadi koili iwe baridi kuliko kiwango cha umande cha hewa ya chumbani, yaani joto ambalo mvuke wake huanza kugeuka maji. Ikishafika hapo, matone ya mwanzo hayaendi popote. Yanang'ang'ania kwenye mapezi ya alumini. Lazima yakusanyike, yazidiwe na uzito, ndipo yateremke kwenye sinia na kutoka kwa bomba. Kabla hayajafika kiasi hicho, kihisi cha joto kinasema chumba kimepoa, kompresa inazima. Feni ya ndani, iliyowekwa kasi kubwa muda wote, inaendelea kupuliza hewa juu ya koili iliyolowa. Maji yale yaliyoanza kukamatwa yanakauka na kurudi chumbani.

Kwa hiyo mashine ilitoa baridi na kurudisha maji. Hakuna kilichoharibika ndani yake. Ilifanya kile ambacho mashine kubwa ndani ya chumba kidogo haiwezi kuepuka.

Kipimo kilichothibitisha hili hakihitaji fundi. Weka chombo chenye alama za lita mwishoni mwa bomba la maji machafu, kilaze usiku kucha, usome asubuhi. Kwa chumba hiki, kukiweka kwenye unyevu wa asilimia 55 kwa saa nane kungetoa zaidi ya lita nne. Kilikusanya nusu lita. Kipima unyevu cha mezani kando ya kitanda kilisoma digrii 20 na unyevu asilimia 80. Kwa maoni yangu, vifaa hivi viwili, chombo na kipima unyevu, vingetangulia kila mazungumzo ya gesi. Geji za fundi zinaonyesha hali ya mashine. Hazionyeshi hali ya hewa wanayoivuta watu waliolala.

Inafaa kukumbuka kwamba udhibiti wa unyevu ndio uliomzaa kiyoyozi. Mwaka 1902 Willis Carrier alipobuni mfumo unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa, aliubuni kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilitanuka na kusinyaa kwa unyevu, rangi zikakosa kukaa mahali pake. Joto la watu halikuwa shida iliyompeleka pale. Leo tunanunua mashine hiyo kwa namba moja ya nguvu ya kupoza, tukisahau nusu ya kazi yake.

Kwa nini kushusha rimoti kuliongeza ukungu

Hewa yenye unyevu mwingi hunata mwilini hata ikiwa ya digrii 23. Aliyelala humo huhisi joto, hushika rimoti, hushusha. Familia hii ilianza na 24, ikaishia 19. Kila waliposhusha, hewa ile ile yenye maji yale yale ilipoa zaidi, na hewa inapopoa huku maji yake yakibaki, unyevu wake kwa asilimia hupanda. Kuta nazo zikapoa, hasa ule uliowekewa kabati, ambao upepo wa kiyoyozi ulikuwa ukiupiga moja kwa moja. Ukungu huhitaji uso uliokaa karibu na unyevu wa asilimia 80 na kuendelea kwa muda. Nyuma ya kabati lililobana ukuta, ulipata hayo kila usiku.

Kisha asubuhi ilifanyika kosa ambalo kila mtu angeliona ni jambo jema: dirisha lilifunguliwa ili chumba kipate hewa. Hewa ya nje ya digrii 30 na unyevu 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chochote kilicho chini ya digrii 25. Kuta, kabati, shuka, viatu, vyote vilikuwa kwenye 20. Chumba kizima kikawa koili. Shuka hazikulowa usiku tu. Zililoweshwa pia baada ya watu kuamka.

Gesi ambayo haikupungua

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa kwenye jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: inachukua joto ndani, inalitua nje, inarudi. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na mara nyingi ni kwenye maungio ya bomba la shaba yaliyokazwa vibaya siku ya kufungwa. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta panapovuja ameacha tatizo na amechukua malipo.

Hapa hapakuwa hata na uvujaji. Gesi ilipotolewa yote na kuingizwa kwenye mtungi wa kukusanyia, kisha ikapimwa kwa mizani, uzito wake ulizidi ule ulioandikwa kwenye kibati cha mashine. Gesi iliyozidi hupandisha mgandamizo upande wa nje na kuifanya kompresa ivute umeme mwingi kwa kazi ile ile. Mashine ya nje, ikiwa kwenye kile kibaraza, ilikuwa inavuta tena hewa yake yenyewe ya moto, na hilo likazidisha.

Basi kwa nini kila fundi alipoondoka hali ilikuwa afadhali? Kwa sababu kabla ya kuongeza gesi aliosha filta na koili. Filta iliyojaa vumbi hupunguza hewa, na koili chafu hukaa na utando wa vumbi na ukungu. Kuziosha kuliondoa harufu na kurudisha upepo. Mambo mawili yalifanywa kwa pamoja, na sifa ikaenda kwa lile lisilohusika. Ndiyo maana namwomba kila mwenye kiyoyozi aoshe filta mwenyewe, asubiri siku chache, ndipo aite fundi ikiwa bado kuna shida.

Kuna madhara mengine ya tabia hii yasiyoonekana chumbani. R-410A ni mchanganyiko wa R-32 na R-125, nusu kwa nusu, na uwezo wake wa kupasha dunia joto kwa miaka 100 ni mara 2,088 ya kaboni dioksidi. Kilo moja ikiachiwa hewani ni sawa na zaidi ya tani mbili za kaboni dioksidi. R-32 peke yake ni 675. Nchi zilikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza matumizi ya gesi za aina hii hatua kwa hatua. Fundi anayefungua bomba na kuiacha izomee hewani ili "aanze upya" anapaswa kusimamishwa na mwenye nyumba.

Marekebisho, kwa mpangilio uliofaa

Hatua ya kwanza haikugharimu chochote cha maana. Matundu ya juu ya mlango yalizibwa, pengo la chini likawekewa mpira wa kufagia sakafu, na fremu ya dirisha ikazibwa nyufa. Watu wawili bado wanahitaji hewa mpya, kwa hiyo mlango hufunguliwa kwa muda jioni kabla ya kulala. Tofauti ni kwamba sasa hewa inaingia kwa hiari yao. Mzigo wa mvuke unaotoka nje ulipungua kama nusu. Ningeshauri kila mtu aanze hapa kabla hajaingia dukani, maana chumba kinachovuja kitadai mashine kubwa, na mashine kubwa itakileta kisa hiki nyumbani kwake.

Pili, mashine. Iliwekwa ya BTU 9,000 yenye inverta, gesi R-32. Kompresa ya inverta hubadilisha mwendo, hivyo inaweza kutembea polepole usiku kucha, koili ikiwa baridi bila kukatika na maji yakishuka mfululizo. Lakini neno inverta kwenye boksi halitoshi. Kibati huonyesha mapana ya uwezo, mathalani kutoka kilowati 0.9 hadi 3. Wanunuzi husoma namba kubwa. Kwa chumba cha kulala mimi husoma ndogo kwanza. Mashine ya inverta ambayo kiwango chake cha chini kinazidi mzigo wa usiku itaanza kuwaka na kuzima kama zile za zamani, na pesa ya ziada itakuwa imepotea.

Ufungaji ulisimamiwa kwa karibu: mabomba yalijazwa naitrojeni kuona kama yanavuja, yakavutwa hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, pampu ikazimwa na geji ikaangaliwa kama inashikilia, ndipo gesi ikafunguliwa. Bomba la maji lilipewa mteremko mfululizo, bila kupinda juu mahali popote. Kwa kuwa R-32 inaweza kuwaka, ingawa kwa shida, fundi hakuwasha moto karibu na mfumo wenye gesi. Mashine ya nje ilihamishwa ukutani, mahali penye nafasi wazi mbele na kivuli juu.

Tatu, matumizi. Rimoti inakaa 25, feni kwenye hali ya kujiendesha yenyewe ili isipulize kwa nguvu juu ya koili iliyolowa, na feni ndogo ya dari, inayokula wati 50 hadi 75, inazungushwa taratibu. Upepo wake humfanya aliyelala ahisi ubaridi wa digrii mbili au tatu zaidi bila kuipoza hewa. Hesabu ya umeme ni rahisi kuiona: joto linalopenya kuta hufuata tofauti kati ya nje na ndani. Nje ikiwa 30, kuweka 24 ni tofauti ya digrii 6. Kuweka 18 ni 12, maradufu. Na kwa mashine ya mwendo mmoja, kuweka 16 hakupozi chumba haraka zaidi. Nguvu ni ile ile, inachelewa tu kuzima. Siku za mvua, joto likiwa dogo na unyevu ukiwa mkubwa, wanatumia hali ya kukausha, yenye alama ya tone kwenye rimoti, ambayo hupunguza mwendo wa feni ili maji yatoke mengi na baridi iwe kidogo. Hali hiyo watu wengi hawajawahi kuibonyeza.

Asubuhi dirisha halifunguliwi tena mara tu watu wanapoamka. Kiyoyozi kinazimwa, feni yake inaachwa ikipuliza kwa nusu saa ili koili ikauke na ukungu usiote ndani ya mashine, na chumba kinaachwa kipate joto kwanza.

Matunzo ni machache. Filta huoshwa kwa maji kila wiki mbili hadi nne kulingana na vumbi, hukaushwa kivulini, hurudishwa zikiwa kavu kabisa. Sinia na bomba la maji husafishwa mara chache kwa mwaka kabla ute haujaziba. Kuziba huko ndiko hufanya mashine idondoshe maji sakafuni. Feni ya ndani, lile gurudumu refu lenye mapezi, huhitaji fundi na plastiki ya kukinga kitanda. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu kabla ya yote hayo.

Ilivyo sasa

Kipima unyevu kinasoma asilimia 55 hadi 58 kwa digrii 25. Chombo cha bombani hukusanya lita mbili na nusu hadi tatu kwa usiku, kiasi kinachoendana na chumba kilichozibwa. Umeme wa usiku mmoja, uliokuwa ukizidi uniti 4, uko chini ya 2, na wenyewe wanasema wanalala vizuri zaidi kwenye 25 ya sasa kuliko 19 ya zamani.

Mashine ya BTU 18,000 haikutupwa. Gesi yake ilirekebishwa kwa mizani, ikafungwa sebuleni, penye mita za mraba 30 na watu wanaoingia na kutoka. Huko mzigo unalingana nayo: inafanya kazi kwa vipindi virefu, na maji yanatoka. Ukuta wa chumbani ulikwanguliwa, ukaachwa ukauke kwa wiki kadhaa huku kiyoyozi kipya kikifanya kazi, ndipo ukapakwa rangi. Kabati liliwekwa mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita.

Lililobaki ni dirisha la magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri ndilo bado linaloilazimisha inverta kupanda karibu na kiwango chake cha juu. Pazia zito liliongezwa, lakini pazia hukamata joto ambalo kioo kimeshaliruhusu kuingia. Kinachohitajika ni kivuli upande wa nje, kibanda kidogo cha turubai au mbao juu ya dirisha na pembeni mwake kwa ajili ya jua la chini, na vipimo vyake vimeshachukuliwa.